Trekta la Matanga

Nyumbani kwetu, mwendo mfupi kutoka Nambale, taa za trekta zilikuwa na kazi moja, na kazi hiyo haikuwa kulima. Zilikuwa za matanga.

Babu alilinunua trekta lile Kitale, kwa mzungu aliyekuwa akifunga shamba lake arudi kwao. Lilikuwa kuukuu hata wakati huo: la kijivu, kiti cha chuma kisicho na mto, na taa mbili zilizotokeza kando ya injini kama macho ya chura. Nimeambiwa watu waliokuja kulitazama walisimama mbele, penye taa, si nyuma penye jembe. Mwanga wa usiku siku hizo ulikuwa koroboi, na kwa mwenye uwezo, karabai. Hapa palikuwa na umeme uliotoka ubavuni mwa injini, kwenye dainamo isiyozidi ukubwa wa chupa, na hakuna aliyeelewa ulikotoka.

Mtu alipofariki, wenye msiba walituma mjumbe kwa babu. Babu aliliendesha mpaka kwao, akaliegesha likitazama uwanja wa boma, akawasha. Injini ikienda polepole, taa zilikuwa nyekundu kama kaa linalozimika. Ikiongezwa mafuta, zilikuwa za manjano, na nyuso za watu zikaonekana. Kwa hiyo ilibidi mtu akae kitini muda wote, mkono kwenye kishikio cha mafuta, na mtu huyo alikuwa babu. Waimbaji walipochangamka, aliongeza. Mhubiri alipoanza kuomba, alipunguza. Wazee wa kwetu husema walilia vizuri zaidi kukiwa na mwanga ule, ingawa sijui mtu hulia vipi vizuri zaidi.

Aliweka sharti moja. Taa zile haziwashwi nyumbani kwake. Akimaliza matanga alizizima hukohuko, akangoja kupambazuke ndipo arudi. Zikiharibika, zilitengenezewa sokoni. Bomani kwetu ziliwaka mara moja tu, nyanya alipofariki.

Nilipokuwa mdogo niliuliza sharti hili lilitoka wapi. Baba alisema ni la babu. Babu alisema ni la watu. Watu walisema ni la tangu zamani, na trekta lenyewe halikuwa la zamani kiasi hicho. Lakini watoto wa vijiji vyote vya jirani walijua kwamba ukiona macho yale mawili yakipanda njia ya kwenu, kuna mtu hatakula kesho. Taa zilifuata kifo, hiyo ni kweli. Ila ukiona vitu viwili vikija pamoja miaka mingi, utaacha kukumbuka kipi hutangulia.

Umeme wa stima ulipofika, kazi ile ikaisha. Watu wakaanza kukodi jenereta, spika na taa za rangi. Nyaya za trekta zikaliwa na panya. Babu akamwachia baba trekta likiwa kipofu, baba, akawa analimia watu mchana, na hakuna aliyelalamika, mpaka mwaka huu.

Baba alikuwa amepata mashamba ya kulima upande wa Amagoro. Ili kufika huko ilimbidi apite barabara kuu, na kwenye barabara kuu kuna kizuizi cha polisi.

"Mzee, taa za hii kitu ziko wapi?" askari aliuliza.

"Ziko hapo mbele, afande."

"Nawasha wapi?"

"Haziwaki. Zimelala."

"Basi na wewe rudi ulale. Siku zikiamka, mkuje pamoja."

Watu waliokuwa wakingoja magari walicheka. Baba alirudi nyumbani na jembe lisilogusa udongo, na mvua za Machi zilikuwa zimeshaanza kujikusanya upande wa Uganda. Jumanne iliyofuata akamwita fundi wa umeme wa magari kutoka Malaba.

Wakati huo babu alikuwa mgonjwa. Sukari ilikuwa imemla miaka mingi kimyakimya, halafu kidonda kikatokea kwenye kidole cha mguu wa kushoto, kidole kikawa cheusi, na weusi ukaanza kupanda. Daktari wa Busia alisema mguu ukatwe mapema, la sivyo utamuua. Ilituchukua majuma kumshawishi. Shangazi, dada mkubwa wa baba, aliyehamia kwetu kumuuguza, alilia. Mhubiri akaja. Mimi nilimwonyesha picha kwenye simu za watu waliokatwa miguu na bado wanalima, na hizo ndizo alizozitazama kwa muda mrefu. Mwishowe alikubali. Tungempeleka Jumatatu. Sisi sote tulikuwa tukiishi kwa kuingoja Jumatatu hiyo.

Fundi alikuwa Mganda mchangamfu, mwenye suruali iliyojaa waya mifukoni. Alifungua boneti akapiga mluzi.

"Ssebo, mzee wangu, hii kitu wameifunga juu chini. Waya ya chanya ya betri inaenda kwa bodi!"

"Zilikuwa hivyo," baba alisema. "Zote za zamani."

"Na haijawahi kukupiga?"

"Imekupiga wewe?"

"Bado. Lakini inaniangalia vibaya."

Alifanya kazi mpaka jua likaanza kuzama. Aliweka nyaya mpya, akasugua dainamo, akatafuta balbu zinazoingia. Kisha akasema taa zimekaa upande, moja inatazama mbinguni na nyingine inatazama nyasi, na polisi watasumbua. Alihitaji ukuta mweupe ili azipange. Akatazama huku na huku. Nyumba zetu ni za matofali mekundu na udongo. Ukuta mweupe ulikuwa mmoja tu, wa nyumba ya babu, uliopakwa chokaa.

Nilimwona baba akiutazama ukuta ule. Shangazi alikuwa mlangoni na beseni la maji ya kidonda.

"Mzee amelala?" baba alimuuliza.

"Amelala."

"Dirisha limefungwa?"

"Limefungwa. Lakini wewe, si ungempeleka huyu sokoni?"

Fundi alikuwa akitazama saa, akiwaza usafiri wa Malaba. Betri ilikuwa hafifu, na baba hakuwa na hakika trekta likizimika njiani litawaka tena. "Ni kidogo tu," akasema. Wakalisogeza.

Taa ziliwaka zikiwa nyekundu, zikapanda kuwa za manjano. Ukuta wa chokaa ukang'aa. Mbao za dirisha lile zimepinda kwa uzee, zina nyufa, na kila ufa ukapitisha mwanga ndani. Fundi alikuwa ameinama akigonga kikombe cha taa kwa mpini wa bisibisi, akiimba kwa sauti ya chini.

Tulimsikia babu kutoka ndani, sauti yake kavu na ya kawaida kabisa.

"Nani amekufa?"

Shangazi aliweka beseni chini. "Hakuna mtu, baba. Ni fundi. Anajaribu taa."

"Anajaribu kwa nani?"

Baba alimrukia fundi amwambie azime. Fundi alizima, akatutazama mmoja baada ya mwingine.

Siku iliyofuata babu alisema haendi Busia. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekuarifu kwamba basi limeshapita. Ameshawashiwa, hospitali ni ya nini?

Baba alipiga magoti kando ya kitanda. Babu alimwambia ainuke, kwamba hamlaumu, kwamba mtu hawezi kujua mkono wake umetumwa na nini. Hilo lilimuumiza baba kuliko matusi. Mimi nilingoja hadi tukabaki wawili.

"Babu, wewe ulikuwa unaitwa mtu akishakufa. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Kwa hiyo taa hazijawahi kuua mtu. Zilikuja nyuma."

"Jeneza pia huja nyuma," alisema. "Limewahi kuua mtu?"

"Hapana."

"Sasa wewe ni mgonjwa, umelala hapa, unaona jeneza linaingizwa bomani. Utasema ni meza?"

"Nitauliza aliyelileta."

"Mimi niliuliza. Nikaambiwa wanajaribu."

Nilimweleza habari za dainamo, mkanda, sumaku, waya. Alinisikiliza kwa adabu. Alizijua zote, alikuwa amelifungua trekta lile kabla mimi sijazaliwa. Niliponyamaza nilisikia harufu ya mguu. Chuoni tulifundishwa kubomoa hoja ya mtu kwa kutafuta ilipoanzia. Hakuna aliyetufundisha cha kufanya na mtu anayekubali kila hatua uliyompitisha, kisha anabaki pale alipokuwa.

Ijumaa asubuhi baba alipata habari ya kifo huko Namboboto. Aliyefariki alikuwa mkwe wa mbali, mwanamume mwenye familia, ambaye sisi tungemzika kwa simu tu, kwa kutuma rambirambi. Baba aliposikia alivaa kofia yake. Halafu akaenda kujaza mafuta kwenye trekta.

"Unaenda kulima wapi?" nilimuuliza.

"Siendi kulima. Panda, tuende."

Nilipanda juu ya kilinda gurudumu, nikashika chuma. Kutoka kwetu hadi Namboboto kwa trekta ni safari ya mchana mzima. Pikipiki zilitupita, magari ya abiria yakatupita, malori ya mizigo yakatutikisa kwa upepo wao. Kizuizini askari aliomba kuona taa, akaziona, akatupungia mkono. Huku injini ikinguruma nilimuuliza baba kwa sauti ya juu anakusudia nini.

"Nataka zipate mtu wao," alisema.

"Mtu wao?"

"Ziliwaka. Ikawa hakuna maiti. Sasa maiti yuko. Ziwake kwake, nirudi nimwambie mzee zilikuwa za yule."

"Wewe unaamini hivyo?"

"Mimi nataka Jumatatu ifike mzee akiwa kwa gari ya Busia," alisema. "Ukipata njia nyingine, niambie nigeuze."

Sikuwa nayo. Tuliendelea.

Boma la msiba lilikuwa na stima. Hema zilikuwa zimesimamishwa, na vijana walikuwa wakifunga taa za rangi juu ya spika zilizorundikwa kama magunia. Tulipoingia tukinguruma, watu wazima waliacha walichokuwa wakifanya. Wazee walilijua trekta. Vijana hawakulijua.

"Boss, umekosea njia? Shamba liko upande ule."

"Nimekuja kuwasha taa," baba alisema.

"Taa gani? Hizi?" Kijana aliinama akatazama. "Mzee, hii ni taa ama ni sigara mbili?"

Wakacheka, na mwingine akasema aache dharau, hizo ni za kutafutia panya. Baba alisimama pale, kofia mkononi, akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Mjane ndiye aliyetuokoa. Alitoka kwenye nyumba akiwa ameshikwa mikono pande zote mbili, mwanamke mnene wa makamo, uso umevimba kwa kulia. Alikumbuka taa za trekta lile ziliwahi kuwashwa kwenye matanga ya mama yake.

"Mwacheni," alisema. "Ametoka mbali kuja kulia nasi. Mpeni nafasi."

Jua lilipotua baba aliwasha. Mbele ya taa za vijana, zilizokuwa zikibadilika bluu na kijani, mwanga wetu ulikuwa kama chai iliyomwagika chini. Baba aliketi kwenye kiti cha chuma, mkono kwenye kishikio cha mafuta, akaongeza na kupunguza kufuatana na nyimbo ambazo hakuna aliyezisikia kwa sababu ya spika. Mjane alituletea chakula mwenyewe. Alimshukuru baba mara nyingi. Mimi nilikula nikitazama sahani.

Tulirudi kesho yake. Baba hakunawa hata uso. Aliingia moja kwa moja kwa babu. Shangazi na mimi tulisimama mlangoni.

"Mzee, zile taa zimepata mwenyewe. Namboboto." Akamweleza ni nani. "Tumewawashia. Zilikuwa zake."

Babu aligeuza kichwa juu ya mto. "Alikufa lini?"

Nilimwona baba akifikiri. Angeweza kutaja siku yoyote. Babu hakuwa na njia ya kujua. Lakini baba ni mtu ambaye uongo humkauka mdomoni kabla haujatoka, na tena alikuwa amechoka.

"Alhamisi."

"Na fundi alikuja lini?"

"Jumanne."

Shangazi alishika kichwa. Hapo nilijua tumekwisha, kwamba baba amesafiri njia ile yote kumletea babu ushahidi dhidi yake mwenyewe. Babu alitazama dari. Midomo yake ilikuwa ikicheza kidogo, kama ya mtu anayepanga vitu mezani.

"Kwa hiyo ziliwaka kwangu," alisema polepole. "Na mimi sikuenda. Zikamchukua yule."

Akageuza kichwa kumtazama baba.

"Alikuwa mgonjwa?"

"Ini, wanasema," baba alijibu.

"Ana watoto?"

"Anao."

Babu alifumba macho. Alipoyafumbua alikuwa mtu mwingine, mtu aliyeogopa. Na tangu augue sikuwa nimemwona akiogopa.

"Nipelekeni Busia," alisema. "Nikifa sasa, yule amekufa bure."

Nilikuwa na maneno yote kinywani. Kwamba ini la mtu wa Namboboto lilikuwa likioza kabla fundi hajavuka Malaba. Kwamba kila siku mtu hufa mahali fulani, na ukitafuta maiti wa kulingana na taa zako hutamkosa kamwe. Baba alinitazama. Nilikwenda kutafuta gari.

Walimkata mguu chini ya goti. Aliumwa sana, homa ikapanda, ikashuka, na baada ya majuma kadhaa tukamrudisha nyumbani akiwa hai. Kwa hiyo njia ya baba ilifaa. Nimejaribu kulisema jambo hilo kwa namna nyingine, sijafaulu. Kama angefuata shaka yangu njiani, tungegeuza, na babu angekuwa kaburini na hoja zangu zikiwa sawa.

Lakini aliyerudi kutoka hospitali hakuwa na furaha ya kurudi. Alikaa nje na magongo yake na kuuliza habari za Namboboto. Watoto wa yule wanasoma? Shamba lake nani analima? Shangazi alimwambia asahau. Mhubiri alimwambia aliyekufa kwa ajili ya wengine ni mmoja tu, na babu akamjibu kwamba huyo alikubali mwenyewe, yule wa Namboboto hakuulizwa. Mhubiri hakurudia somo hilo.

Mahindi yalipokuwa yamefika magotini, akasema anataka kwenda kumwona mjane. Baba alikataa. Babu akaacha kuzungumza naye. Tukakodi gari dogo.

Njiani baba alimsihi. "Tutampa pole, tutaomba, tutaondoka. Si lazima useme yote, Mzee."

"Mimi nimekuja kusema yote," babu alisema.

Mjane alitupokea kwa furaha. Alimkumbuka baba, akamwita yule mtu wa taa. Alitoa viti nje, upande wa kivuli, si mbali na kaburi ambalo udongo wake ulikuwa bado haujashuka. Alimtazama babu na mguu wa suruali uliokunjwa na kubanwa kwa pini, akampa pole. Babu akamshukuru. Kisha akamweleza. Alieleza vizuri, kwa utaratibu, bila kuruka kitu: sharti lake, ukuta wa chokaa, fundi, Jumanne, Alhamisi. Akasema amekuja kuomba msamaha, kwa sababu kifo kilichokuwa chake kilimfikia mume wa mjane.

Mjane alisikiliza akiwa ameshika pindo la leso. Babu alipomaliza, mjane hakumtazama yeye. Alimtazama baba.

"Kwa hiyo ulipokuja hapa na lile trekta," alisema, "ulikuja kutuachia kifo chenu."

"Mama, alikuwa ameshafariki," nilisema. "Sisi tulikuja baada ya..."

"Wewe nyamaza. Sijakuuliza." Hakuwa amepaza sauti. "Mimi niliwaambia watu wakupe nafasi. Nikakuletea chakula kwa mkono wangu. Na ulikula."

Alichokuwa amekitaka baba siku ile ni hichohicho alichokisema mjane, na hakuwa na namna ya kukikana.

"Ilikuwa ini, mama," nilisema tena. "Daktari alisema ini."

"Ini nililijua," alisema. "Nililiuguza. Daktari alisema atafika Krismasi."

Babu aliinamisha kichwa, akakiinua. "Nisamehe," alisema.

Mjane aliinuka. Nilifikiri anakwenda kutuitia wanaume watutoe. Alikwenda hadi kona ya nyumba, akaita, na watoto wake wakaja mmojammoja, mkubwa akifuta mikono yenye tope, mdogo akiwa bado na kijiko. Akawapanga mbele ya kiti cha babu.

"Mwangalieni huyu mzee," aliwaambia. "Mwangalieni vizuri, mmjue. Baba yenu alikwenda, yeye akabaki."

Wakamwangalia. Babu hakuyaficha macho yake. Alikaa wima juu ya kiti kile, magongo mapajani, akamtazama kila mtoto kwa zamu yake, na hakuna aliyetuambia tunaweza kwenda.